Kurasa bandia za kuingia: zinanaswaje mapema, na zikihama domeni zinafuatwaje?

mtunza_lango

Wakuu, habari. Naomba msaada wa kina kwenye hili.

Huduma tunayoisimamia ina ukurasa wa kuingia, tuseme ni dukaletu.example, na matapeli wanautengenezea nakala kila kukicha. Mteja anapokea linki kwa ujumbe wa simu, anakuta ukurasa uleule anaoujua, anaandika nenosiri na namba ya uthibitisho, kisha anarudishwa kwenye tovuti halisi bila kushtuka. Tukipewa taarifa na kuifungua linki kwenye kompyuta za ofisini tunakuta ukurasa mweupe au 404. Tukifanikiwa kuifungisha, kesho yake nakala iko kwenye domeni nyingine.

Nataka kujua mambo matatu. Je, kuna njia ya kuziona kabla linki hazijasambazwa? Ukurasa unaojificha tuuthibitishe vipi bila kumhatarisha mteja wala mashine? Na domeni ikibadilika, ni kitu gani kinabaki vilevile ili tujue ni watu walewale? Orodha za bure za kuzuia tayari tumeziweka kwenye DNS (mfumo unaobadilisha majina ya tovuti kuwa anwani za IP), ila zinachelewa.

---

cheti_wazi

Mkuu, kuchelewa ndiyo tabia ya orodha zote, usiilaumu uliyoichagua. Google walipoibadilisha Safe Browsing ya Chrome (kinga inayomwonya mtu kuhusu tovuti hatari) mwezi Machi 2024 ili iulize seva papo hapo, sababu waliyoitoa ni kwamba tovuti ovu kwa wastani huishi chini ya dakika 10, wakati orodha iliyokaa ndani ya kivinjari ilikuwa inasasishwa kila baada ya dakika 30 hadi 60. Ukisubiri mtu aripoti ndipo uzuie, waathirika wa kwanza wameshaibiwa. Nafasi yako ni ule muda mfupi kati ya tapeli kuandaa domeni na kutuma linki.

Katika muda huo kuna kitu kimoja ambacho ni vigumu sana kukificha: cheti cha TLS, yaani kitambulisho cha tovuti kinachowezesha https. Tangu 2018 Chrome haikubali cheti kipya cha mamlaka ya umma kama hakina uthibitisho kwamba kimeandikwa kwenye daftari za wazi za Certificate Transparency. Kwa hiyo cheti anachochukua tapeli, cha bure au cha kulipia, kinaonekana humo pamoja na majina yote ya domeni yaliyomo. Mara nyingi kinaonekana mapema sana, ingawa daftari zinaruhusiwa kuchelewesha hadi saa 24. Tovuti ya crt.sh inafaa kwa kuchungulia historia. Kwa ulinzi wa kila dakika haitoshi, maana utafutaji wenye alama ya % mbele na nyuma ya jina mara nyingi hukatika kabla ya majibu. Weka programu inayosoma daftari mfululizo, ya aina ya certstream, kwenye seva yenu wenyewe, halafu chuja majina.

Kwenye kuchuja ndiko wengi wanakwama. Ukitafuta "dukaletu" peke yake utakosa nusu ya kazi, na ukitafuta "duka" utazama kwenye kengele za uongo. Toa alama. Jina kamili la chapa ndani ya domeni isiyo yenu lipe 50. Jina linalotofautiana kwa herufi moja au mbili lipe 35. Neno kama login, secure, verify, thibitisha au akaunti lipe 15. Domeni iliyosajiliwa ndani ya siku 7 ipe 20. Ikifika 60 mtu aamshwe, kati ya 35 na 59 iingie kwenye foleni ya kukaguliwa na mashine. Hizo namba ni za kuanzia. Zirekebishe baada ya wiki mbili kwa kuangalia kengele zilizokuwa za kweli.

Kabla ya kulinganisha, majina yanayoanza na xn-- (umbo la domeni zenye herufi maalumu) yarudishwe kwanza kwenye herufi zake za Unicode, kisha herufi zinazofanana na za Kilatini zibadilishwe. Unicode wenyewe wanachapisha faili la confusables.txt kwa kazi hiyo. Bila hatua hii, "а" ya Kisirili itapita mbele ya kichujio chako kana kwamba haipo.

Ongeza na dnstwist, programu inayotunga majina yanayofanana na lenu na kuangalia yaliyosajiliwa; kila saa sita inatosha:

`dnstwist --registered --dictionary maneno.txt dukaletu.example`

Usiliache lile faili la maneno. Bila hilo programu inatengeneza zaidi makosa ya kuandika, wakati matapeli wengi siku hizi hawahangaiki na makosa ya herufi, wanaongeza neno tu: dukaletu-uthibitisho, dukaletu-zawadi, na kadhalika.

Mipaka yake uijue pia. Nakala ikiwekwa kwenye tovuti ya mtu iliyodukuliwa, ndani ya folda fulani, jina lenu halitaonekana kwenye cheti chochote. Vivyo hivyo kwenye majukwaa ya kujengea tovuti bure, ambako watumiaji wote wako chini ya cheti kimoja chenye nyota.

---

fundi_skripti

Hapo alipoishia @cheti_wazi ndipo ukurasa wenu wenyewe unaweza kuwafanyia kazi.

Anza na logi za seva ya wavuti mlizonazo tayari. Nakala nyingi huita nembo, CSS au fonti moja kwa moja kutoka kwenu, na karibu zote humrudisha mteja kwenye tovuti halisi baada ya kumwibia. Katika hali zote mbili kivinjari hutuma kichwa cha Referer, kinachosema mtu ametokea tovuti gani. Chuja maombi ambayo Referer si ya domeni zenu, ondoa injini za utafutaji na mitandao ya kijamii, kisha panga domeni kwa tarehe ya kuonekana mara ya kwanza. Domeni ambayo haijawahi kuonekana na sasa inaleta watu kwenye ukurasa wa kuingia inastahili kuangaliwa saa hiyohiyo. Vivinjari vya sasa kwa kawaida hutuma asili tu, yaani domeni bila njia, kwa hiyo utajua nyumba lakini si chumba. Na tapeli mjanja huweka `<meta name="referrer" content="no-referrer">`, hapo Referer inapotea kabisa.

Kwa hao weka mtego kwenye ukurasa wa kuingia: skripti fupi inayosoma `location.hostname`, na ikikuta jina si lenu inaita picha ya nukta moja kutoka seva yenu ya tahadhari, ikipeleka jina la domeni na njia kamili. Anayenakili ukurasa kwa "hifadhi kama" au kwa programu ya kunakili tovuti kama HTTrack anaibeba skripti bila kujua.

Inaharibika kwa sababu hizi zaidi:

- Jina la domeni yenu limeandikwa wazi ndani ya skripti. Tapeli akibadilisha kila "dukaletu.example" kuwa domeni yake kwa mkupuo, mtego unaamini uko nyumbani. Ijenge kwa namba za herufi, String.fromCharCode(100,117,107,97,…), au linganisha hashi yake (alama inayokokotolewa kutoka jina hilo).
- Picha ya tahadhari inatoka kwenye domeni ileile. Tumia domeni nyingine yenye jina lisilohusiana nanyi, la sivyo nayo inabadilishwa au inazuiwa.
- Skripti imekaa peke yake kwenye faili linaloitwa tahadhari.js. Ichanganye ndani ya skripti ambayo fomu haiwezi kufanya kazi bila hiyo.

Kengele za uongo zitakuja kutoka kwa tafsiri ya Google, ambayo huonyesha kurasa chini ya translate.goog, na kutoka hifadhi za kurasa za zamani. Ziruhusu kwa jina. Lakini hostname ikija tupu usiitupe: maana yake ukurasa umefunguliwa kama faili kwenye kompyuta ya mtu. Huenda ni mteja aliyehifadhi ukurasa. Huenda pia ni tapeli anayejaribu nakala yake kabla ya kuipandisha, na anwani yake ya IP imeshaingia kwenye logi yenu.

---

mfungua_pazia

Nijibu la ukurasa mweupe.

Ukurasa huo haujafungwa, umewatambua ninyi. Seva ya tapeli inakagua mambo kadhaa kabla ya kuonyesha kitu: je, ni simu au kompyuta, anwani ya IP ni ya mtandao wa simu au ya kituo cha data, ni ya nchi anayoilenga, lugha ya kivinjari ni ipi, na je, anwani hiyo imeshawahi kuja. Kwa kuwa linki zenu zinakuja kwa ujumbe wa simu, kompyuta ya ofisini inakataliwa kwenye swali la kwanza kabisa.

Andaa mashine pepe isiyo na akaunti yoyote ya kazi, irudishwe kwenye hali safi baada ya kila linki, na itoke kwenye intaneti kwa laini ya simu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Tumia kivinjari halisi kilichowekwa umbo la simu: upana wa skrini, mguso, lugha na User-Agent (utambulisho ambao kivinjari hujitaja kwa seva) vyote vikubaliane. Ukibadilisha User-Agent peke yake, skripti ya ukurasa itaona skrini ya pikseli 1920 isiyo na mguso na itakufukuza. Ndiyo maana `curl` haitoshi hapa: inaona tu hatua za 301 na 302, haiendeshi JavaScript, na kuelekezwa kwingi siku hizi kunafanyika humo. Itumie mwanzoni kuchora mlolongo, `curl -sIL`, ila kumbuka -I inatuma ombi la HEAD na baadhi ya seva hulijibu tofauti na GET.

Linki yenyewe inakiliwe nzima. Sehemu inayofuata alama ya # haipelekwi kwenye seva, inasomwa na skripti ndani ya kivinjari, na matapeli hupenda kuficha humo barua pepe ya mteja au msimbo. Mteja akikutumia linki bila kipande hicho, utaona ukurasa mtupu hata vifaa vyako viwe kamili. Upande wa pili, ukiifungua ikiwa na barua pepe halisi ya mteja unamwambia tapeli kwamba anwani hiyo ni hai. Badilisha iwe anwani ya majaribio yenye muundo uleule, na kama imefungwa kwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida) ifungue, ibadilishe, uifunge tena. Msimbo wa mara moja hauwezi kubadilishwa, kwa hiyo ukiwa nao jipange kabla ya kubonyeza; hakuna nafasi ya pili.

Rekodi kila kitu kwenye ziara hiyohiyo: HAR nzima (rekodi ya maombi na majibu yote ya kivinjari), HTML baada ya skripti kukamilika, picha ya skrini yenye anwani ikionekana, majibu ya DNS, RDAP ya domeni (taarifa za usajili wake), saa kwa UTC, na SHA-256 (hashi) ya kila faili. Usiandike nenosiri la kweli hata la akaunti ya zamani. Andika la uongo lenye alama yenu ya pekee, mfano jina la mtumiaji ambalo halipo popote, kisha weka kengele kwenye mfumo wenu wa kuingia. Jina hilo likijaribiwa kwenye seva yenu, mmepata anwani ambayo tapeli anaitumia kuingia.

Tahadhari ya urlscan.io, huduma ya kuchunguza linki mtandaoni: uchunguzi una ngazi tatu, wa wazi, usioorodheshwa na wa faragha. Wa wazi unatafutika na kila mtu. Linki za kubadilisha nenosiri za wateja halali zimewahi kuanikwa kwa njia hiyo na mifumo iliyokuwa inapeleka kila linki bila kuichuja. Na tapeli naye anatafuta domeni yake humo aone kama imeshagunduliwa.

---

nyuzi_na_mafundo

Swali la tatu ndilo ninalolipenda. Domeni ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyonavyo tapeli, ndiyo maana anaitupa bila kuihurumia. Kifurushi cha kurasa ndicho kilichomgharimu muda, na hicho hubeba kutoka domeni hadi domeni.

Kwa hiyo fuata faili. Kwenye HAR mliyorekodi tafuta JavaScript na CSS ambazo si zenu wala si maktaba zinazotumiwa na kila mtu, chukua SHA-256 yake, kisha itafute urlscan kwa sehemu ya `hash:`. Faili moja la kifurushi linaweza kukuletea domeni nyingine zilizowahi kulionyesha. Hashi ikivunjika kwa sababu faili linabadilishwa kila mara, shuka kwenye vitu vigumu kubadilisha: mpangilio wa folda, jina la faili linalopokea fomu, majina ya visanduku vya fomu, maoni yaliyosahaulika ndani ya HTML, hata kosa la tahajia linalojirudia.

Ikoni ya kichupo nayo ni uzi mzuri. Shodan, injini ya kutafuta seva, inaikokotolea hashi ya aina ya mmh3, unatafuta kwa `http.favicon.hash`. Hapa kuna shimo linalowanasa wengi: hashi haipigwi juu ya faili lenyewe, inapigwa juu ya base64 yake yenye mstari mpya kila baada ya herufi 76 na mwishoni. Kwenye Python tumia `base64.encodebytes`. Ukitumia `b64encode` utapata namba nyingine kabisa na utafutaji utarudi mtupu. Kwa kuwa tapeli amenakili ikoni yenu, itafuteni hashi ya ikoni yenu wenyewe, kisha ondoeni seva zenu kwenye matokeo.

Baada ya faili angalia usajili. Tangu kanuni za faragha za Ulaya za Mei 2018, jina la msajiliwa kwa kawaida limefichwa, na tangu Januari 2025 RDAP ndiyo njia rasmi badala ya WHOIS kwa domeni za jumla kama .com. Bado kuna vya kusoma: msajili, saa ya kusajili, seva za majina. Domeni nne za msajili mmoja zilizosajiliwa ndani ya dakika tano, zote zikiwa na seva za majina zilezile, ni kundi moja mpaka ithibitike vinginevyo. Hifadhi ya historia ya DNS itakuonyesha anwani za IP zilizopitiwa kabla ya domeni kujificha nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya seva halisi.

Kuwa mkali kwenye kuunganisha. IP moja inaweza kubeba maelfu ya tovuti zisizojuana, kwa hiyo kushiriki IP si ushahidi. Mimi hutaka alama mbili zisizotegemeana, mfano hashi ya faili pamoja na saa ya usajili, ndipo niseme ni walewale. Na kama folda ya tapeli iko wazi na ndani kuna faili la majina na nenosiri za watu, usilipakue. Rekodi kwamba lipo, mjulishe mwenye seva. Hiyo ni data ya waathirika, na sheria ya sehemu nyingi haitakuuliza nia yako.

---

mtunza_lango

Wakuu, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Kuna nakala ambayo HAR haionyeshi faili lolote la ziada, ni ukurasa wetu mtupu, na namba ya uthibitisho inakubalika hapohapo. Pia, je, ni sawa kuzuia IP zao kwenye mtandao wetu wakati tunasubiri ifungwe?

---

fundi_skripti

Hiyo si nakala, ni proksi iliyokaa katikati, aina ya Evilginx. Kila kitu kinatoka kwenye seva yenu, kinapita kwake, na anachokitaka ni kuki ya sesheni (inayoonyesha kwamba mtu ameshaingia) baada ya mteja kuthibitishwa. Ndiyo maana namba ya uthibitisho haimzuii. Ufunguo wa FIDO2 au passkey unamzuia, kwa sababu kivinjari kinaufunga kwenye domeni halisi na hakitatoa saini kwenye domeni nyingine.

Kuigundua angalia upande wenu. Akaunti nyingi zisizohusiana zikiingia kutoka IP moja ya kituo cha data ni dalili ya kwanza. Ya pili ni alama ya TLS isiyoendana na User-Agent: ombi linasema ni Chrome ya simu lakini salamu ya TLS ni ya maktaba ya Go. Kuipima alama hiyo tumia JA4 badala ya JA3, maana Chrome tangu 2023 inachanganya mpangilio wa viendelezi na JA3 yake inabadilika kila muunganisho. Mtego wa skripti ubaki, unafanya kazi hata hapa mradi jina halijaandikwa wazi. Mkimgundua, kubadilisha nenosiri peke yake hakutoshi. Futeni sesheni zote za akaunti zilizopita kwenye IP hiyo.

---

cheti_wazi

Kuzuia IP, hapana, hasa ikiwa ya Cloudflare: utafunga tovuti lukuki za watu wengine. Zuia kwa jina, kwenye RPZ (orodha ya majina ya kuzuia au kuruhusu) ya seva yenu ya DNS. Kabla ya kuiwasha weka `policy disabled` kwenye programu ya DNS ya BIND kwa siku chache. Itaandika kwenye logi majina ambayo ingeyazuia bila kuyagusa. Weka ukanda wa majina yanayoruhusiwa, wenye `rpz-passthru.`, juu ya mengine, kwa sababu ukanda wa kwanza kulingana ndio unaoshinda. Na kivinjari kinachotumia DNS kupitia HTTPS hakiioni RPZ kabisa. Firefox huacha kuiwasha yenyewe kama use-application-dns.net inajibiwa NXDOMAIN (jina halipo), lakini si pale mtumiaji alipoiwasha kwa mkono. Hao wazuiwe kwa sera ya kifaa. Kumbuka pia kwamba RPZ inawalinda waliomo kwenye mtandao wenu tu. Mteja aliye nje haimfikii, kwa hiyo ripoti iende siku hiyohiyo.

Kwenye ripoti, tenganisha kwanza: domeni imesajiliwa kwa uovu, au ni ya mtu halali aliyedukuliwa? Kama ni ya uovu, peleka kwa msajili, anwani ya malalamiko iko kwenye RDAP. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni, inawalazimu wasajili wa domeni za jumla kuchukua hatua wakipata ushahidi unaotosha wa hadaa, programu hasidi, botineti au udanganyifu wa DNS. Domeni za nchi haziko chini ya mkataba huo, kila rejista ina utaratibu wake. Kama ni ya mtu aliyedukuliwa, usiombe domeni ifungwe, utaua na barua pepe zake. Mwandikie mwenye tovuti na kampuni inayoihifadhi, ukitaja folda husika.

Sambamba na hilo ripoti kwa Safe Browsing na SmartScreen ya Microsoft, hizo ndizo zinazomfikia mteja wa nje haraka. Andika linki kwa hxxps na [.] ndani ya barua ili kichujio cha mpokeaji kisiitupe, ambatisha picha ya skrini, na ueleze waziwazi masharti ya kuuona ukurasa: simu, nchi, laini ya mtandao, kipande cha #. Mhudumu wa msajili asipoelezwa atakuta ukurasa mweupe kama mlivyoukuta ninyi, na atafunga tiketi.

Ikishaonekana imefungwa soma hali yake kwenye RDAP. `client hold` maana yake msajili ameiondoa kwenye DNS, ingawa kache za watu zitaendelea kuijibu mpaka muda wake uishe. Kama hali hiyo haipo na ukurasa tu ndio umetoweka, endelea kuukagua kwa laini ya simu kila dakika 15 kwa saa 48 za kwanza, maana huenda tapeli amebadilisha folda au amekaza masharti ya kuingia.